Mwalimu Aliyepika Chai kwa Maagizo ya Watoto

Tarehe 31 Julai 1998, Mwalimu Salina Jelimo anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kufundisha watoto wenye mahitaji maalum, kwanza Bungoma, kisha hapa kwetu Matisi, Kitale.

Huko Bungoma aligundua kwamba wanafunzi wake waliweza kuimba somo zima bila kulielewa. Alipohamia Kitale mwaka 1984, alipiga marufuku kuitikia kwa pamoja, akaleta jiko la makaa na sufuria darasani. Kila asubuhi mtoto mmoja alimwelekeza kupika chai ya walimu. Mwalimu alifanya alichoambiwa tu. Aliyesahau maji aliona majani yakiungua. Walimu walikunywa chai ya chumvi, chai baridi, na mara moja maziwa matupu. Aliyelalamika zaidi ni Mwalimu Mkuu, Bwana Ndung'u (naandika haya kwa idhini yake).

Mwaka 1991 alikuja mkaguzi na maofisa wenzake kuamua kama darasa lifungwe na watoto warudishwe nyumbani. Aliwauliza maswali ya kitabuni, wakanyamaza. Saa ya chai ikafika.

"Mwalimu, leo pika wewe mwenyewe," Bwana Ndung'u alimnong'oneza. "Usituaibishe, tafadhali."

"Mimi sijui kupika, Mkuu. Uliza Rispah."

Rispah alikuwa msichana ambaye mama yake alikuwa ameambiwa hataweza kujifunza lolote. Alisimama kando ya jiko, akaagiza maji, akaagiza maziwa. Kisha akawatazama wageni mmoja mmoja. Bwana Ndung'u alikohoa. Mwalimu Jelimo alisubiri, kijiko mkononi.

"Ongeza maji, Mwalimu," Rispah akasema hatimaye. "Leo tuko wengi. Na majani pia, ama itakuwa maji tu!"

Hilo hakuwa amefundishwa na mtu. Mkaguzi alicheka, akanywa, akasema darasa libaki.

Limebaki hadi leo. Kuanzia Septemba litakuwa chini ya Mwalimu Wakhungu, ambaye wiki hii nzima amekuwa akijizoeza kunyamaza.

Mwalimu Jelimo anarudi Cheptais kwenye shamba lake la vitunguu. Wazazi walituma majina yao yote ili wamshukuru hapa, lakini ukurasa hautoshi, kwa hiyo watampa mkono mlangoni mwa darasa, mmoja mmoja. Asante, Mwalimu. Nenda salama, na uzee wako uwe mtamu.