Toa Ipi?

Nilikuwa nimepanda juu ya benchi la kijiwe, simu mkononi, nikiwasomea wenzangu ukurasa wangu kama mtu anayehutubia bunge, Fundi Simu aliponikatiza. Kitabu chetu tunakiandika mtandaoni, kwa kujitolea, kufundisha kwa Kiswahili lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Kila mtu na sura yake. Yangu ilisema: “Ukitaka kutoa majina yote, fuata sura ya ‘Kutoa’.”

— Sura hiyo niliiandika mimi, bro. Umeisoma?

— Kichwa chake nimekisoma.

— Ni ya kufuta. Kutoa, yaani kuondoa.

Nikashuka benchini taratibu. Nimezunguka nchi nyingi na kupotea katika viwanja vya ndege vya kila aina, lakini sikuwahi kupotelea ndani ya kitenzi kimoja. Na shemeji yangu, karani wa zahanati, alikuwa ameniambia kwamba leo angefuata ukurasa wangu ili ayaone majina ya wagonjwa wa sindano za kesho.

Nikampigia. Simu ikaita mpaka ikachoka.

— Wana nakala nyingine? akauliza Fundi.

— Kompyuta ni hiyo moja.

Profesa, fundi cherehani aliyepewa uprofesa na miwani yake, akatutuliza kwa kusema penye wazee haliharibiki neno. Fundi Simu akamjibu kuwa neno lenyewe ndilo limeharibika. Kisha wakaanza kutishana. Fundi akahofu kuwa zahanati zote zimeunganishwa, ikifutika moja zimefutika zote. Profesa akaona hata vyeti vya kuzaliwa vitakwenda, tutaamka kesho hatujazaliwa. Hakuna aliyecheka. Muuza kahawa akasahau kumimina. Profesa akashusha sauti, akauliza kama majina yetu yameandikwa kwenye hicho kitabu. Yameandikwa. Langu limekolezwa wino.

Shemeji akatokea kwenye kona, bado na sare ya kazi, bila mkoba. Hakusalimu.

— Kabla hamjauweka ukurasa mtandaoni, nani huusoma?

Profesa alianza kusema wapishi wengi huharibu mchuzi, ndiyo maana tulikubaliana mtu asiguse sura ya mwenzake. Akaishia njiani.

— Shem, nikasema, ile ‘toa’ nilimaanisha kuonyesha.

— Mimi nimefuta.