Bi Kulikoni na Mlango Usio na Komeo

Wapendwa waombolezaji, majirani, mawakili mliovaa suti nzito katika jua hili, na ninyi mliosimama kwa kukosa viti, familia imemkabidhi mdogo wa marehemu, fundi mwashi ambaye wengi wenu amewajengea na baadhi yenu amewafokea, awasomee maisha ya dada yake, naye ameyaandika upya kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu yale yaliyoandikwa na wajomba yalimfanya marehemu kuwa malaika, na marehemu hakuwa malaika, alikuwa mwanamke mwenye maswali, na swali lake la mwisho bado linadai jibu, jibu ambalo litatolewa hapa hapa, zamu yake ikifika, kwa hiyo anayetaka kwenda kuzungumza na simu aende sasa.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Agosti 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi mitambo wa kiwanda hicho na mkewe mshona nguo, na jina la Bi Kulikoni alipewa na mtaa kabla hajaota meno ya pili, maana majirani wakianza kugombana yeye alikuwa wa kwanza dirishani, na hakwenda kuchota maneno akayamwage kwingine, alitaka kujua ugomvi umeanzia wapi, akimwuliza mtu mzima aliyetoka kutukanwa, "Sawa, amekutukana, lakini kabla hajakutukana kulikuwa na nini?", mama akimvuta sikio na kumwambia, "Wewe mtoto, ya watu wazima yanakuhusu nini?", naye akijibu huku sikio likiwa bado mkononi mwa mama, "Si wanapigia kelele dirisha letu, mama?"

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, na sekondari kuanzia 1971 hadi 1974, ambako alisimamishwa nje ya darasa mara nyingi kwa kosa la kumwuliza mwalimu yeye amejuaje, na mwaka 1976 akaajiriwa kuwa mpiga chapa katika masjala ya mahakama, chumba kisicho na dirisha, chenye rafu mpaka darini na feni iliyozunguka pale tu ilipojisikia, na humo ndimo alimopitisha mikononi hukumu za talaka za watu wasiojuana, akaona kwamba karibu zote zina mpangilio mmoja, kwanza nyumba, kisha kiwanja, kisha kabati na kitanda na cherehani, na watoto mstari wa mwisho, chini ya cherehani, jambo lililomkereketa hadi akaanza masomo ya sheria ya jioni, akasoma akiwa mfanyakazi, akasoma akiwa mjamzito, na tarehe 20 Septemba 1985 akaapishwa kuwa wakili.

Ndoa yake ilifungwa tarehe 3 Desemba 1983, na fundi saa aliyeketi hapa mbele, mtu mpole ambaye shemeji yake mwashi hajawahi kufanikiwa kumgombanisha ingawa amejaribu, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti ambaye ni mfamasia na kijana ambaye ni mwendesha kreni, na watu walipomwuliza marehemu inakuwaje anayevunja ndoa za wenzake ya kwake haivunjiki, alijibu kwamba yeye havunji ndoa ya mtu, yeye huitwa chombo kikiwa kimeshavunjika, kazi yake ni kuokota vigae kabla mtoto hajavikanyaga, na kwamba siri ya nyumbani kwake ni kuwa mumewe husikiliza kwa sikio moja tu, lile jingine liko kwenye saa.

Mwaka 1990 alifungua ofisi yake juu ya duka la magodoro, yenye ngazi mbili, moja ya mbele na moja ya uani, ili mtu anayeingia asikutane na anayetoka, na huko ndiko walikopanda watu ambao talaka zao zilikuwa vita, wenye kukatiana umeme, wenye kufichiana vyeti vya watoto, wenye kushtakiana juu ya pazia, na marehemu hakuwapokea kwa kuwapigapiga mgongoni, aliwaacha waseme mpaka wakaukiwe koo, akawapa maji, kisha akawauliza wasichokitarajia, "Mtoto akiota ndoto mbaya humwita nani?", "Nani anajua saizi ya viatu vyake mwaka huu?", na mteja aliyetaka wakili wa kumwadhiri mwenzake aliambiwa mlangoni, "Mimi si rungu, baba, marungu yanauzwa sokoni."

Ujumbe wowote wa hasira ulipaswa kuletwa kwake kabla ya kutumwa, mwenyewe ausome kwa sauti pale ofisini, naye akimaliza kusikiliza aliuliza, "Sasa huu tunamwandikia mwenzako au tunamwandikia hakimu, maana hakimu ndiye atakayeusoma", na wengi waliuchana wenyewe, na katazo lake kubwa lilikuwa mtoto kutumwa maneno, "Mwambie baba yako", "Mwambie mama yako", akisema mtoto si tarishi, lakini isidhaniwe kwamba alikuwa mtu wa kupatanisha kila kitu, kwani aliyekuja na uso uliovimba hakuulizwa habari za viatu, alipelekwa mahakamani siku ile ile kuombewa zuio na kutafutiwa pa kulala, na marehemu alisema wazi kwamba kuna watu wanaohitaji mlango kati yao, na kuna wanaohitaji ukuta mtupu, na wakili asiyejua kutofautisha hao wawili akauze magodoro pale chini.

Sasa tunafika kwenye ukuta wenyewe, mwaka 1998, katika shauri la muuza nyama mmoja na mkewe mwoka mikate, ambao walijenga nyumba yao tofali kwa tofali, wakachokana, na kila mmoja akaapa kwamba hatoki yeye, mnunuzi hakupatikana kwa sababu kila aliyekuja kuitazama alifukuzwa na mmoja wao, hakukuwa na kupigana, ila ulimi wa kila mmoja ulikuwa kisu, na mwishowe mahakama ikaamuru nyumba igawanywe kwa ukuta wa katikati, kila upande na lango lake la barabarani, huku binti yao mdogo, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule, akae kwa zamu pande zote mbili.

Marehemu alimtetea mwoka mikate, na kila fundi aliyependekezwa na mke alikataliwa na mume, na wa mume akakataliwa na mke, mpaka likatajwa jina la mdogo wa marehemu, wakili wa muuza nyama akaruka kusema huyo ni ndugu, hafai, lakini akiwa bado anasema wakasikia kutoka ukumbini fundi akimfokea dada yake kwamba "Mimi sijengi upuuzi wa watu wazima wanaogombea choo!", wakili yule akaketi, akasema upande wake hauna pingamizi, mtu huyu ni dhahiri hampendelei yeyote.

Ukuta ulipofika kifuani marehemu alikuja kuukagua, akamkuta binti wa nyumba ameketi juu ya mfuko wa saruji, akamwuliza kama alivyouliza kila mtu, "Kulikoni, mama mdogo, wewe utakuwa unapita wapi?", na mtoto akainuka, akatoka lango la mama yake, akafuata ukingo wa barabara ambayo malori ya mchanga hupita yakikimbia, akaingia lango la baba yake, akasimama upande wa pili wa ukuta, zikaonekana nywele zake tu juu ya tofali, akasema, "Hapa", na marehemu, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyeiomba mahakama ukuta ule na kushangilia alipoupata, aliketi juu ya ule mfuko wa saruji, akamwambia mdogo wake, "Simamisha kazi, nimewaweka wote kwenye karatasi, mtoto nimemsahau barabarani."

Alirudi mahakamani kuomba mlango ukutani, wenye kimo cha mtoto na nafasi ya kukua, mtu mzima asiweze kuupita bila kupiga magoti, wakili wa upande wa pili akauliza kama ni mlango wa paka, watu wakacheka, lakini hakimu hakucheka, akaagiza mtoto apimwe kwenye kizimba cha shahidi, na jambo lilikuwa limekwisha isipokuwa muuza nyama alisema atakubali kwa sharti kwamba komeo liwe upande wake, na mwoka mikate akasema liwe upande wake, shauri likataka kuvunjika kwa ajili ya kipande cha chuma, ndipo marehemu akasema, "Mheshimiwa, lisiwepo komeo popote, anayemwogopa mtoto wake mwenyewe aje hapa atueleze", na ikaamriwa hivyo, mlango bila komeo, na fundi akabomoa tofali ambazo saruji yake haijakauka, akitukana kila hatua, ila alitumia mbao nzuri.

Marehemu alikuwa na mwiko wa kazi, kwamba shauri likiisha haingii tena nyumba ya mteja, akisalimiwa ataitikia, asiposalimiwa atapita, kwa hiyo kwa miaka yote iliyofuata hakujua mlango ule uliishaje, na kwa mtu wa maswali kama yeye hilo lilikuwa jiwe kiatuni, kila fundi alipokuja kula kwake alimwuliza, "Hujapita kule?", na fundi akimjibu, "Nikafanye nini, nikatukanwe bure?"

Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa kwa kusafishwa damu katika hospitali ya mji huu, wauguzi wakimjua kwa kuwahoji kila sindano inaenda wapi na kufanya nini, na mwanzoni mwa Juni 2024 hali ilipobadilika alimwita mdogo wake kando ya kitanda, akamwambia, "Mwiko ni wangu, si wako, kaangalie kama wameweka komeo", na fundi, ambaye hajui kumkatalia mgonjwa wala kumdanganya, akaenda akisingizia kwamba anakagua nyufa za kazi zake za zamani.

Aliyoyaona aliyaleta kama yalivyo, kwamba ukuta upo, watu wale hawakurudiana wala hawana dalili, upande mmoja una rangi ya kijani na mwingine ya njano na hakuna ya tatu, binti ni mtu mzima sasa, anatengeneza lifti za majengo marefu na huja kuwatembelea, mlango umekatwa juu ukaongezwa kimo na mtu asiyejua kazi, kizingiti cha juu kimelala kama kofia ya mlevi, hivyo mtu mzima anapita sasa akiwa amesimama, na kuhusu komeo, amri ya mahakama ilivunjwa, dada, yapo mawili, kila upande lake, na yote mawili yameshika kutu yakiwa wazi, fundi alijaribu kuyasukuma kwa kiganja, hayakwenda, tangu yapigiliwe pale hayajawahi kusogezwa.

Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja, kisha akauliza, "Nani alianza kuliweka?", na mdogo wake akapandwa na hasira, akamwambia, "Dada, wewe unaumwa, hilo litakusaidia nini?", akajibiwa, "Ninaumwa, ndiyo maana nakuambia uende leo", akaenda, akamwuliza muuza nyama akiwa peke yake, na mzee yule aliyewahi kuapa mahakamani kwamba hata mvua ikinyesha ndani ni kosa la mkewe, aliangalia chini akasema, "Mimi ndiye niliyeanza, usimsumbue mwenzangu", fundi akapita kwenye mlango ule kwenda upande wa pili, akamwuliza mwoka mikate, naye akafuta unga mikononi akasema, "Ni mimi, baba, yule aliona langu ndipo akaweka lake, mwache."

Fundi alirudi hospitali akiwa na majibu mawili, akakuta pazia la kitanda limevutwa, marehemu alikuwa amefariki mchana ule, tarehe 6 Juni 2024, akiwa na mumewe na wanawe, kwa hiyo swali lile halijajibiwa mpaka dakika hii, na linajibiwa sasa, dada, mbele ya mashahidi, kwamba wawili wale kila mmoja amelichukua kosa juu yake, mmoja wao anadanganya, ni dhahiri, na mdogo wako anayechukia uongo kuliko mchwa amekataa kuchunguza ni nani, na wote wawili wapo hapa, mmoja mwanzo wa safu na mwingine mwisho wake, binti yao katikati.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia kuhojiwa, majirani waliopika na kulaza wageni, mwenye duka la magodoro aliyefunga biashara kwa siku ya leo, mawakili wenzake, akiwemo yule wa mlango wa paka, ambaye amelibeba jeneza kwa bega lake tangu lilipotoka nyumbani, na mahakimu na makarani wa masjala, ambayo tunaambiwa sasa ina dirisha.

Pumzika, dada yetu, Bi Kulikoni, uliyemwuliza kila mtu anapita wapi, mlango wako tumeuegesha tu, hatujaufunga.