Kura Moja ya Stony Crossing

Mheshimiwa Meya, Baba Padri Yaroslav, Bi. Darka Wasylenko tunayekuaga leo, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wa nyuma kabisa mliofuata chakula tu: nawasalimu nyote kwa heshima.

Kuanzia kesho, Jimbo la Stony Crossing halipo tena. Tume ya mipaka imetukata katikati: walio kaskazini ya reli watapiga kura na watu wa msituni, na sisi wa kusini tumepewa watu wa mjini. Tangu mwaka 1917 tumepeleka bungeni wabunge tisa, na wawili kati yao walikuwa na akili. Mwaka 1948 theluji ilifunga barabara, sanduku la kura likavutwa na farasi siku mbili nzima. Je, kuna aliyelalamika? Watu walisubiri hapahapa, wakinywa chai.

Darka amesimamia uchaguzi wetu miaka thelathini na moja. Kwa kanuni za kazi yake hakuruhusiwa kupiga kura, isipokuwa wagombea wakifungana. Tulifungana mara moja tu, mwaka 1986: Tollefson kura 2,114, na mimi, shemeji yake Darka, 2,114. Mbele ya mawakala wote Darka akachukua kalamu, akampa Tollefson.

Nilimfuata jikoni kwake. Nikamwambia, “Shemeji, umenimaliza.”

Hakuacha kukanda unga. “Metro, wewe unajua ngano. Tollefson anajua mambo ya serikali. Ulitaka nidanganye?”

“Na dada yako je?”

“Atasema atakalo. Kaa ule.”

Sikukaa. Mke wangu Stefka, dada yake wa tumbo moja, alisema, “Kwangu asikanyage.” Na Darka hajakanyaga hadi leo. Kila Krismasi wamepika supu ileile ya mama yao katika nyumba mbili zinazotazamana, shamba moja tu katikati.

Ndugu zangu, sasa nisikilizeni vizuri, maana sitaweza kulisema hili mara mbili. Marehemu baba alinifundisha kwamba mgombea mwenye adabu hajipigii kura, humpa mpinzani wake. Wazee wengi wa jimbo hili walifanya hivyo. Siku ile kura yangu nilimpa Tollefson, naye Tollefson, bila haya, akajipigia mwenyewe. Ningejipigia na mimi, ningeshinda kwa kura mbili, na Darka asingeshika kalamu. Nililijua hilo jioni ileile nikanyamaza, kwa kuwa niliona afadhali mumlaumu yeye kuliko kunicheka mimi. Naona aibu, na nimeiona aibu hiyo kila Krismasi.

Darka, nisamehe. Ulifanya kazi yako kwa haki, nami nikakuacha ubebe ujinga wangu.

Stefka, usiniangalie hivyo. Hasira yote nimwagie mimi, ni haki yangu. Ila kiti kilicho kando ya dada yako kiko wazi, nilimwomba Baba Padri akilinde tangu asubuhi. Uchaguzi ujao Darka atapanga foleni kama sisi, baada ya miaka yote hiyo, na angependa kuwa na mtu wa kwenda naye.

Nawashukuru kwa kunivumilia hadi hapa. Stefka, funguo za gari nimeziacha juu ya kile kiti. Mpeleke dada yako nyumbani kwetu, mimi nitakuja kwa miguu.