Nukta za Alifu

Ndani ya gari ya Wete, Mzee Kificho alimwonyesha jirani yake, Haridas muuza kanga, herufi ya alifu aliyoiandika. "Sisi waandishi wa khati, urefu wake twaupima kwa nukta za kalamu," alisema. "Marehemu mke wangu, nikimfundisha kuandika, aliniuliza: nukta ikiwa ndogo hata haina upana, zitaingia ngapi?"

Haridas, aliyezoea kupima kila kitu kwa dhiraa, alikuna kidevu. "Hata ukizipanga milioni hazifiki popote."

"Na alifu imesimama."

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia asinifanyie mchezo. Akaiweka kalamu, hakuishika tena mpaka anakufa."

"Na leo ungemjibu nini?"

Gari ilisimama sokoni. Mzee Kificho aliikunja karatasi taratibu. "Ningemwambia sijui. Neno lenyewe ni hilo tu, bwana."