Matete Niliyoyang'oa Ufukweni

Kamwene, ndugu zangu. Kamwene tena, maana wale wa nyuma naona bado wanapangusa matope miguuni. Nilimwomba mchungaji nafasi hii niipate kabla kiangazi hakijaingia, na mkinisikiliza mtajua kwa nini. Majina ya watu sitataja. La kwangu mnalo tayari.

Mnanijua, mimi ni fundi mwashi. Nyumba nyingi mnazolala hapa Igowole nimeziinua kwa mikono hii. Basi miaka ile watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, niliitwa kujenga huko chini kabisa, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ukishaiteremka milima ya Mbeya, mahali ambapo joto linakukalia kifuani tangu asubuhi. Ilikuwa nyumba ya wataalamu wa kuchunguza samaki, yenye chumba kimoja kikubwa cha kuwafundishia watoto wa shule habari za ziwa lao.

Aliyeniajiri tulimwita bwana samaki, kijana msomi, mpole. Masharti yake yalinishangaza. Tusichome matofali, maana tanuru linamaliza miti. Tutumie matofali mabichi yaliyokaushwa juani. Msingi wa mawe ya mtoni, dari ya mianzi, paa la nyasi lenye upenu mpana. "Fundi," aliniambia, "nataka nyumba ambayo ziwa halitajua kama tumefika." Na yale matete marefu yaliyosimama kati ya nyumba na maji, tusiyaguse hata kidogo. Samaki wanazalia humo.

Nikaitikia, ndiyo bwana. Moyoni nikasema, huyu ana shida na samaki, mimi nimeletwa kwa ajili ya nyumba.

Tukajenga, tukaezeka. Bwana samaki akasafiri kikazi. Sasa ndugu zangu, nawauliza: nani humu ndani, nyasi zikianza kukauka, hafyeki barabara ya kuzuia moto kuzunguka nyumba yake? Mimi baba yangu alinichapa kwa kuacha majani yakafika ukutani. Kwetu nyasi karibu na nyumba ni adui. Nikatazama paa langu jipya la nyasi, nikatazama matete yale yamekauka vichwa, nikaona moto tu. Nikawaambia vibarua wayaondoe yote. Wasifyeke tu, wang'oe na mizizi.

Palikuwa na mama mmoja mfinyanzi aliyekuwa akichimba udongo wa vyungu pale kando. Akatua kikapu chake, akaja. "Fundi, hayo usiyang'oe. Hayo ndiyo yanalishika ziwa."

Nikacheka. "Mama, mimi nimejenga makanisa. Wewe nenda kajenge vyungu."

Vibarua wakaangua kicheko. Na mimi nikajiona mtu. Asiyejua maana, ndugu zangu, haambiwi maana.

Mvua za kule si kama hizi zetu. Ziwa lilianza kupanda polepole, wala halikuwa na hasira. Leo linachukua hatua moja ya ufukwe, kesho hatua nyingine, mchanga unaondoka kwa sababu hakuna mzizi wa kuushika. Bwana samaki aliporudi, swali lake la kwanza lilikuwa, "Matete yako wapi?"

Ulimi wangu ukanitangulia. Nikasema, "Kina mama wa vyungu. Wameyang'oa wakichimba udongo."

Vibarua wakatazama chini. Mwenyekiti wa kijiji akaitwa, na tangu siku hiyo kina mama wakakatazwa kuchimba pale. Yule mama alipita mbele yangu na kikapu kitupu. Alinitazama tu, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Kilichofuata ni wiki ambazo sitaki adui yangu azione. Nilijaza magunia mchanga, nikayapanga. Asubuhi nayakuta yameporomoka au hayapo. Nilipanga mawe, yakazama. Nilisimama kwenye maji mpaka kiunoni, nimeegemeza mgongo ukutani, kana kwamba mimi ni nguzo. Niliomba. Niliomba kwa Kiswahili, nikaomba kwa Kihehe, maji hayakurudi nyuma hata shibiri moja. Tofali bichi likilowa halipasuki, linalainika. Ukilishika linabaki mkononi kama ugali uliokosa unga. Na mimi fundi nilikuwa pale nimeshika mwiko, sina pa kuutumia.

Chumba cha watoto kilianguka mchana, wote tukitazama. Ukuta ulikaa chini kama mzee aliyechoka. Bwana samaki naye akakaa, pale pale matopeni, akasema, "Kosa ni langu. Ningewaeleza vizuri wale kina mama wa vyungu, wasingefanya hivi."

Anajilaumu yeye! Ndugu zangu, ule ukuta haukuniumiza kama neno lile. Mwenyekiti alikuwepo, vibarua walikuwepo. Nikasema kwa sauti, "Ni mimi. Niliwaagiza vibarua wang'oe. Yule mama alinikataza nikamcheka, kisha nikamsingizia."

Hakuna aliyenipiga. Bwana samaki akainuka matopeni, akasema, "Twende kwake."

Tulimkuta kwake anasugua chungu kwa kokoto. Nikapiga magoti, nikasema yote. Aliendelea kusugua mpaka akamaliza upande ule, ndipo akauliza, "Umekuja kujenga vyungu?"

Nikasema, "Mama, nisamehe. Unifundishe la kufanya."

"Sasa hivi hakuna la kufanya," akasema. "Wewe huwezi, mimi siwezi. Kaa, usubiri maji yarudi yenyewe."

Nilikaa miezi mitatu. Sijawahi kukaa bila kazi hivyo maishani mwangu. Kila siku nakwenda kutazama ziwa, kila siku narudi. Vyumba viwili vya wataalamu, vya upande wa nyuma, vilibaki, kwa rehema tu, si kwa ufundi wangu.

Maji yalipopungua, mama yule akaja na wenzake wenye vikapu, wale wale niliowasingizia. Alinionyesha: shina la tete unalilaza matopeni, hulisimamishi kama mche wa mahindi. Tukalaza ufukwe mzima wa pale. Chumba cha watoto tukakijenga upya nyuma, kwenye mwinuko, na matofali tukafyatua kwa udongo ule ule wa ukuta ulioanguka, tukaukanyaga upya kwa miguu. Msingi wa zamani nilitaka kuufukua, bwana samaki akakataa.

Nilijua sababu siku watoto walipofika. Mwalimu aliwapeleka kwanza kwenye yale mawe, akawaambia, "Hapa fundi aling'oa matete." Jina hakulitaja. Nilikuwa juu ya ngazi nafunga nyasi za upenu, machozi yananidondoka, na sikushuka mpaka walipoondoka.

Namshukuru bwana samaki ambaye hakunifukuza. Nawashukuru vibarua walioona aibu kabla yangu. Na yule mama, kwa lugha ya kule nilimwambia ndaga fijo, yaani asante sana, akasema nisimshukuru bado, nisubiri masika mengine. Alisema kweli. Niliyaacha matete yakiwa yamenifika kiunoni tu, na ziwa ni lile lile.

Basi kiangazi kinakuja na mtachukua fyekeo. Fyekeni, moto ni moto. Lakini ukiwa ugenini, muulize kwanza anayechimba udongo pale, hata kama wewe umejenga makanisa. Na mvua ikinyesha mkaniona nimesimama mlangoni peke yangu, msidhani nalinda ukuta wangu. Nayaombea matete.