Neno Lililompeleka Madam Oliva Gehandu

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Mwalimu Oliva Sulle anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya kufundisha Kiingereza, ishirini na saba kati ya hiyo akiwa hapa shuleni kwetu Katesh. Kamati ya kumuaga imeniomba mimi, Nicodemo, mwalimu wa Baiolojia niliyekaa naye meza moja tangu 2008, niandike wasifu wake. Nimekubali kwa furaha. Yeye mwenyewe aliniwekea sharti moja tu: kisa cha Loveness kisiachwe.

Alizaliwa Bashay, Mbulu, mtoto wa nne wa wakulima wa ngano na vitunguu saumu. Alianza kazi mwaka 1989 na kuhamia kwetu 1998. Wanafunzi wanamkumbuka kwa sweta lake la bluu na kwa adhabu yake getini: ukichelewa, unataja herufi za neno la Kiingereza ndipo uingie. Siku moja alichelewa mkuu wa shule. Alikosea mara mbili, manyunyu yakimlowesha, akapita mara ya tatu huku shule nzima ikipiga makofi.

Sasa hilo neno. Mwaka 1998, kwenye semina Babati, Madam Oliva alihudhuria tafrija ya kufunga mafunzo. Taa za rangi zikawa zinawaka na kuzimika, na mkufunzi mmoja akasema kwa sauti, "Phantasmagoria!" Madam alilipenda lile neno. Akaandika daftarini: sherehe kubwa yenye taa. Kamusi yetu ya wakati huo ilikuwa imechanika kurasa nyingi, hakuna aliyeweza kumbishia. Akalifundisha. Sisi walimu wengine tukalidaka. Mwaka 2009 tulilichora kwenye bango la mahafali kukaribisha wageni, na mgeni mmoja kutoka nje alilisoma, akacheka sana, akapiga picha. Tulidhani amefurahi.

Machi 2017, Madam aliwapa kidato cha tatu insha kuhusu maisha ya nyumbani mchana. Loveness Gidahosh, binti wa wafugaji wa Gehandu, aliandika kwamba kila alasiri anapata phantasmagoria. Mwili unawaka, ng'ombe wanatembea ukutani, bibi yake aliyefariki anaingia mlangoni, akifika kitandani anageuka ndama, na ndama anageuka moshi. Aliandika tarehe ilipoanza, na kwamba ilikuwa siku ya nane.

Madam akampa kumi na nane kwa ishirini. Chini akaandika kwa wino mwekundu kwamba ana bahati ya kuwa na familia yenye furaha.

Siku ya kurudisha madaftari, Loveness hakuwepo. Madam alimwita rafiki wa binti huyo, Angela, pale mezani kwetu.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Mpelekee Loveness daftari lake. Mwambie nimefurahi, kwao kuna sherehe kila siku."

Angela alimtazama bila kuelewa. "Sherehe gani, madam? Loveness anaumwa. Leo siku ya tatu haji."

"Mbona ameandika mwenyewe?"

"Ameandika anaumwa, madam. Lile neno alilitoa kwenye kamusi mpya ya maktaba. Alinionyesha."

Tulikwenda maktaba wote watatu. Madam alisoma mara tatu huku kidole kikiwa juu ya mstari: mfululizo wa picha zisizo halisi, zinazobadilika kama za ndotoni. Chini yake, maana ya zamani: onyesho la mizimu lililofanywa kwa taa mbele ya watazamaji. Mimi nilichanganyikiwa zaidi. Nikamwambia kwamba kama ni onyesho la taa, basi yeye hakukosea sana.

"Nicodemo, acha," akasema. "Nani amemshikia Loveness taa? Mtoto anaona peke yake."

Tulichukua pikipiki mbili. Njiani, kila tuliposimama, alinitupia neno la Kiswahili. Mazingaombwe? Hapana, hayo yana mtu anayeyafanya. Mazigazi? Hayo ni maji unayoyaona barabarani kiangazi, ukiyafuata yanakimbia, na kila mtu anayaona. Mauzauza? Hakuwa na hakika. Tulipofika Gehandu ndipo akatulia kwenye maruweruwe, yale anayoyaona mgonjwa.

Loveness alikuwa amelala ndani, midomo imekauka. Mama yake, Monica, alikuwa akimfuta uso kwa kitambaa cha maji. Loveness alizungumza na mtu tusiyemwona, na hakututambua. Baba yake, mzee Gidahosh, alitupokea kwa heshima lakini alikataa binti aondolewe. Alisema bibi anamwita, na watu wa ukoo walikuwa njiani kuja kulizungumza.

"Wewe mwalimu umeona nini, hata uje?" akauliza.

"Sijaona kitu, baba. Nimesoma. Na nilisoma vibaya."

Madam akamwonyesha daftari, wino wake mwekundu ukiwa palepale, akamweleza alichokuwa amekifanya. Hakuficha kitu. Kisha akasema, "Kama ni bibi yake, atamkuta hata hospitali. Kama ni homa, haitawasubiri hao watu wa ukoo."

Mzee alizunguka zizi mara moja, peke yake. Aliporudi alimwambia Monica afunge nguo za binti.

Hospitali, daktari aliuliza homa ilianza lini. Kila mmoja wetu alitaja siku yake. Madam alitoa daftari. Daktari aliisoma insha akiwa amesimama, tarehe, saa, homa ya kila alasiri, akaagiza vipimo. Ilikuwa homa ya matumbo, na utumbo ulikaribia kutoboka. Loveness alilazwa wiki tatu.

Jumatatu iliyofuata asubuhi Madam Oliva alisimama mbele ya shule nzima na kusema kwamba kwa miaka kumi na tisa amefundisha neno kwa maana isiyo yake. Watoto walianza kucheka. Alipofika kwenye habari za Loveness, wakanyamaza. Tangu siku hiyo, akikuta sentensi ya ajabu kwenye insha, hatoi alama. Anamwita aliyeandika, anamuuliza alimaanisha nini, na anasubiri jibu.

Loveness alirudi Mei, akamaliza shule, na leo ana duka la dawa za mifugo Gehandu. Siku aliporudi, Madam alimuuliza swali lililokuwa likimsumbua: je, kweli alimwona bibi yake?

"Nilimwona, madam," akajibu. "Lakini hakuwepo."

Madam anasema hajawahi kupata maana nzuri ya lile neno kuliko hiyo, na kwamba bado haielewi vizuri. Mimi pia siielewi.

Kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi, tunakushukuru, dada yetu, kwa miaka yote, na kwa ile asubuhi uliyotufundisha namna ya kukosea hadharani. Bashay ikupokee kwa afya njema na shamba lenye rutuba. Ukikutana na neno usilolijua, tupigie simu. Na sisi hatutalijua, lakini tutalitafuta pamoja.