Kipande Kilichosubiri Gundi

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika, Jumanne ya tarehe 14 Juni 1988, saa tisa na dakika ishirini alasiri, katika wodi namba nne ya hospitali kuu, kitanda cha dirishani, marehemu alikuwa ameegemea mito miwili, ana mkasi mdogo wa kucha mkononi na picha kubwa ya hadubini magotini, anakata kromosomu moja moja ili zipangwe, zibandikwe na kuhesabiwa, kama alivyofanya kwa miaka kumi na saba, na mumewe ameshika bahasha ya kupokelea vile vipande. Kimoja kilianguka. Mumewe akapiga magoti, akaingia chini ya kitanda, na muuguzi wa zamu, alipoona miguu ya mtu mzima imechomoza, akauliza, "Mzee, umepoteza pete?" naye akajibu kutoka huko huko chini kwamba amepoteza kromosomu, marehemu akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Dada, hebu inua kiatu," na kweli kilikuwa kimenasa kwenye soli. Gundi nayo ilikuwa imekauka, hivyo mumewe akaaga kwenda kununua nyingine duka la vifaa vya shule, mkabala na lango la hospitali, naye akamwambia asilete ile ya maji, inakunja karatasi. Aliporudi, saa kumi kasoro dakika tano, pazia la kitanda lilikuwa limevutwa.

Maneno haya yameandikwa na mumewe, mpima ardhi kwa kazi yake, na yanasomwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu, kwa sababu tangu saa hiyo mumewe hawezi kusimama wala kukaa mahali pamoja, mtamwona anazunguka huko nyuma, mwacheni azunguke.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1946, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, si saa kumi na mbili na robo kama cheti kinavyosema, katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la baba yake, mtoto wa pili kati ya wanne. Alijifunza kushika mkasi kabla ya kushika kalamu, na mama yake husimulia kwamba alipotumwa vifungo kumi na viwili alirudi navyo baada ya nusu saa, kwa kuwa alikuwa amevihesabu mara tatu njiani. Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko kuanzia 1953 hadi 1960, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi Desemba 1966, kisha chuo kikuu, alikopata shahada ya baiolojia mwezi Juni 1970.

Tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa katika maabara ya chuo hicho, ghorofa ya pili, chumba chenye sinki linalovuja ambalo halijatengenezwa hadi leo. Kazi yake ilikuwa kutafuta kila jeni ya binadamu imekaa kwenye kromosomu ipi, na njia yake ilikuwa kuunganisha seli ya binadamu na seli ya panya ziwe seli moja, chotara, ambayo kadiri inavyogawanyika hutupa kromosomu za binadamu, leo hii, kesho ile, bila mpangilio, mpaka zinabaki chache. Mama mkwe wake alipomuuliza kazi gani hiyo ya kuozesha watu kwa panya, alimweleza hivi: nyumba ina watu wengi na kila asubuhi chai ipo mezani, hujui nani anaipika, basi waache waondoke mmoja mmoja, siku chai ikikosekana tazama nani hayupo. Mama mkwe akasema, "Kumbe mnangoja niondoke ndipo mjue," na tangu siku hiyo wakawa marafiki. Maabarani walimwita Hesabu Tena, kwa kuwa hakuna aliyempelekea jibu akaambiwa neno lingine kwanza.

Mumewe alikutana naye mwezi Mei 1973, alipokwenda kupima kiwanja cha jengo jipya la maabara kwa chombo chake cha miguu mitatu, na mwanamke asiyemjua akachungulia dirishani akapaza sauti, "Bwana wa miguu mitatu, chombo chako kimeinama," na kilikuwa kimeinama kweli. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 7 Desemba 1974, wakajaliwa binti tarehe 2 Aprili 1976 na mtoto wa kiume tarehe 19 Septemba 1979, watoto waliokulia kwenye nyumba ambayo meza ya chakula ilijaa vipande vya picha, feni ikizimwa hata wakati wa joto kali, na mtu akitaka kupiga chafya anatoka nje kwanza.

Mwaka 1983 alichapisha kazi iliyompa jina, iliyosema kwamba jeni ya kimeng'enya kimoja cha damu iko kwenye kromosomu ya kumi na moja. Koo zake zote za seli chotara, kila ukoo ukiwa uzao wa seli moja, ziliruhusu kumi na moja au sita, isipokuwa ukoo namba kumi na tisa, ambao ulikuwa na kimeng'enya na kumi na moja, lakini sita haikuonekana, kwa hiyo akaifuta sita. Oktoba 1987 mtafiti kijana wa mbali alimwandikia kwa heshima kwamba ametafuta kwenye kumi na moja miaka miwili na hapati kitu. Marehemu hakulala vizuri wiki nzima, alitembea sebuleni kutoka kabati hadi mlangoni, akautoa ukoo wa kumi na tisa kwenye barafu, akaupaka rangi inayotenganisha cha binadamu na cha panya, akakiona: kipande cha sita kilikuwa kimevunjika na kujishika kwenye mkia wa kromosomu ya panya, na miaka yote hiyo alikuwa amekihesabu kama panya.

Aliandika barua ya kusahihisha, kwamba jeni iko kwenye sita, si kumi na moja. Mkuu wa idara, kwa nia njema, alimwambia, "Una jina zuri, utalichafua kwa kipande kisichoonekana?" naye akajibu, "Kinaonekana, bwana mkubwa, mimi ndiye sikukiona." Alitaka picha ya pili kabla ya kuituma, lakini Desemba aligundulika na saratani ya kongosho, na mwezi Februari, alipomwomba mumewe ampeleke maabarani akaipige, mumewe alikataa, akamwambia apumzike kwanza, barua haina miguu, haitakimbia. Marehemu akasema, "Barua haina, lakini mimi ninayo, na inakwisha nguvu." Mumewe anayaandika haya mbele yenu kwa sababu yeye kuliko wengi alipaswa kuelewa, ni mtu wa mawe ya mipaka, anajua jiwe moja likikaa pasipo pake, kila atakayepima kutoka hapo atakosea pia, na bado alimcheleweshea miezi minne. Picha hiyo ilipigwa na wenzake wa maabara, ikaletwa wodini tarehe 13 Juni. Alifariki siku ya pili yake, damu iliyoganda ikiwa imepanda mapafuni, na daktari amethibitisha kwamba haikuchukua dakika mbili.

Jioni hiyo hiyo mkuu wa idara alifika nyumbani, akaomba barua ikae mpaka msiba upoe, ili kwanza chuo kitoe taarifa ya kusifu ugunduzi wa 1983. Yupo hapa, na ameshaambiwa yatakayosomwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, hasa yule aliyeinua kiatu, majirani walioleta viti na maji bila kuulizwa, na wenzake wa maabara, ambao hadi asubuhi ya leo wanaulisha ukoo namba kumi na tisa usife.

Jumatano tarehe 15 Juni, saa moja na nusu asubuhi, kabla wageni hawajajaa, mumewe alizima feni, akamwaga vipande kwenye meza ya chakula, akavibandika kwa gundi isiyo ya maji, kila kimoja juu ya alama ya penseli aliyoiacha marehemu, na cha mwisho, chenye doa la soli, kikakaa mahali pake, panya mwenye mkia usio wake. Alihesabu. Binti yake, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akasema, "Baba, hesabu tena," wakahesabu wote wawili, ikawa ile ile. Saa tatu na dakika tano alikuwa posta, akaituma barua pamoja na picha hiyo kwa rejista, na karani alipouliza mtumaji ni nani, alitaja jina la mkewe.

Hesabu Tena, imehesabiwa. Lala salama, upumzike.